Dume Asiyejua Mkia

Ukitoka Gulwe kwa miguu, ukaacha stesheni mgongoni na kushika njia ya upande wa juu wa reli, utazikuta eka mbili zilizozungushiwa uzio wa minyaa. Ni za Tereza, mama yake Hilda, mjane wa marehemu Bartolomayo. Mtu akipita hapo jua limeshapanda kidogo humkuta mwenyewe ameketi kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, mikono imelala mapajani. Mpita njia asidhani bibi amepumzika. Anaangalia kondoo, na kwake hiyo ni kazi kama kulima.

Kondoo wenyewe ni hawa wetu wa Ugogo, wa manyoya mafupi yaliyolala kama ya mbuzi. Wengine wekundu, wengine wa mabaka. Nyuma kila mmoja amebeba mkia wa mafuta, mpana, mzito, unaoyumba huku na huku akitembea, kama mama mnene anayewahi ibada. Hakuna wa kuwanyoa. Jua la hapa wanalijua, nalo linawajua. Ukiwapa maganda ya migunga na maji asubuhi, na ukawafungia vizuri jioni fisi wasiwaone, hawana madai mengine.

Mbuzi Tereza aliwahi kufuga, akawaacha. Mbuzi ukimpa kisogo ameshakula kanga kwenye kamba, na ukimfokea anakutazama kama wewe ndiye mwenye kosa. Kondoo huinamisha kichwa akala pale alipowekwa. Tereza alipenda sauti ile ya kondoo wengi wakikata majani kwa pamoja, kwa utulivu, kama watu wanaong'oa magugu bila kuzungumza. Alipenda mdomo wa joto ukichokonoa kiganja chake kutafuta chumvi. Zaidi ya yote alipenda ule mngurumo mdogo wa tumboni ambao jike humtolea mtoto wake siku ile aliyomzaa, akimlamba, na asimtolee mwingine yeyote. Tereza alikuwa amezaa watoto sita na alisema sauti hiyo anaielewa kuliko mahubiri.

Bartolomayo alipofariki, wazee wa ukoo walikaa kugawa mifugo. Wakamuuliza mjane anataka nini. Akasema anataka majike wawili wa kondoo. Wanaume wakacheka, maana ng'ombe walikuwepo pale mbele yao, wamesimama. Tereza hakucheka. Aliwachukua majike wake wawili kwa kamba moja akaondoka nao, na miaka kumi na moja baadaye walikuwa wamekuwa kundi la kumtosha mtu mmoja kuliangalia siku nzima bila kuchoka.

Shida ilianza pale dume wake mzee alipokufa. Alikuwa dume mwekundu, mbovu wa sura, pembe moja imevunjika, lakini alijua kazi yake. Tereza akasema sasa anataka dume wa kuonekana. Akaenda upande wa Kongwa, kwenye shamba la mtu anayefuga wale kondoo wa kigeni wenye mwili mweupe na kichwa cheusi. Alimchukua Mbaruku amsindikize. Mbaruku ni mwenye bucha pale Gulwe, mtu wa makamo yake, rafiki wa Bartolomayo tangu ujana, na kila Idi ndiye aliyekuwa mnunuzi wa kondoo wa Tereza.

Walipofika, Tereza hakuzunguka. Alimwona mmoja, kifua kama mlango, mgongo umenyooka kama meza, akasimama hapo hapo. Mbaruku alimvuta pembeni akamwambia kwa sauti ya chini achukue dume wa kwetu, hawa ni wa kupambia.

"Mama Hilda, sikiliza. Huyu hana mkia."

"Kwani mimi nanunua mkia?"

"Nasema tu. Majike yako yana mikia kama magodoro."

"Mbaruku, wewe unamjua kondoo akiwa ametundikwa. Akiwa hai niachie mimi."

Mbaruku akaenda kutafuta kamba, maana kumbishia Tereza ni kujitafutia njaa. Dume akabadilishwa kwa madume wawili waliohasiwa, akafungwa miguu, akapakiwa kwenye toyo, pikipiki ile ya magurudumu matatu, na kuletwa Gulwe amesimamisha masikio. Tereza akamwita Mgeni. Ilikuwa mwezi wa pili, mvua bado zipo, majani tele.

Mwezi wa tatu ukapita. Wa nne ukapita. Mgeni alinenepa. Majike nao walinenepa, ila kwa majani tu. Tereza aliwapapasa matumbo asubuhi, akawapapasa jioni, akatazama viwele vyao. Vilikuwa vimesinyaa kama mifuko mitupu. Kwa dume mzee, wakati kama huo nusu ya kundi ingekuwa imeshabeba. Watu wakaanza kusema. Pale kisimani walisema dume la bibi ni picha. Mbaruku hakusema neno, na hilo lilimuuma Tereza kuliko maneno.

Sasa kuna Obedi. Obedi ni mdogo wake Bartolomayo, shemeji yake Tereza, na shamba lake limepakana na zile eka mbili. Analima alizeti. Ana watoto wanane na wawili kati yao wameshaoa, na ardhi yake haijaongezeka hata hatua moja. Kila mwaka baada ya mavuno alikuwa akija, akiamkia shikamoo, akikaa, akinywa chai, na kabla hajaondoka akiuliza kwa adabu kama shemeji haoni vema eka zile zilimwe, naye atamletea magunia yake. Kila mwaka Tereza alimjibu kwa adabu ile ile kwamba haoni vema. Wakaagana wakicheka. Haikuwa ugomvi.

Mwaka huo aliuliza mahali pabaya. Ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa sita, nje ya kanisa, akina mama wote wamesimama na kanga zao za Jumapili. Obedi akatania tu, akasema shemeji naona kondoo wako wameacha kuzaa, wamejiunga na uzazi wa mpango. Wanawake wakacheka. Cecilia, mke wa katekista, alicheka mpaka akashika ukuta.

Tereza akasubiri kicheko kiishe. Kisha akasema taratibu, ili kila mtu asikie:

"Obedi, mvua ya kwanza ikinyesha, kama hapajazaliwa mwanakondoo katika eka zile, njoo na plau lako. Ulime zote. Mimi kondoo wangu nitawauza nihamie kwa Hilda Dodoma."

Hakuna aliyekuwa amemwomba aseme hivyo. Obedi mwenyewe alisema ulikuwa mzaha. Lakini neno lilikwisha kutoka, mbele ya watu, siku ya ibada, na Tereza si mtu wa kurudi nyuma kuokota neno. Alitembea kwenda nyumbani akiwa amenyoosha shingo. Alipoingia zizini akamshika jike wake mkubwa, yule anayeitwa Mama Kanisa kwa sababu akilala hukunja miguu kama anayesali, akaweka shavu lake juu ya mgongo wake wa joto, akakaa hivyo mpaka miguu ikafa ganzi.

Kwa Hilda alishakwenda. Hilda anakaa Majengo, karibu na soko, nyumba nzuri, maji bombani. Alikaa siku tisa. Siku ya tisa alijikuta amesimama kwenye kibanda cha muuza mchicha, anayanusa majani yaliyonyauka, na machozi yanamtoka. Akapanda gari akarudi. Hakumweleza mtu kwa nini.

Basi akahamisha kigoda. Badala ya kukaa kivulini akakaa katikati ya kundi. Akasema sasa sitaangalia kondoo, nitamwangalia dume. Hili halikuwa jambo dogo. Kwa wenyeji wa huku mwanamke mtu mzima, mama wa kanisa, hakazi macho dume akiwa kazini. Hugeuka, au hujifanya anatafuta kitu chini. Miaka yote kumi na moja Tereza alikuwa akigeuka. Safari hii hakugeuka.

Siku ya tatu akaona. Kulikuwa na jike mwekundu, mfarika, ndiyo kwanza anafika umri wa kubeba, naye alikuwa akimtaka dume waziwazi. Alisimama kimya, amejilegeza, anatikisa mkia. Mgeni alikuja, akamnusa, akainua mdomo juu kama madume wanavyofanya. Akapanda. Akashuka. Akapanda tena, akashuka, akasimama pembeni anahema, amechanganyikiwa, kama mtu aliyefika nyumbani akakuta mlango umebadilishwa.

Ni ule mkia. Ulikuwa umening'inia pale pale, mpana, mzito, umefunika kila kitu. Dume mzee aliujua. Alikuwa akija kwa ubavu, anausukuma kwa kifua chake, mkia unakwenda upande, mambo yanakwisha. Lakini Mgeni alikulia kwenye shamba ambako majike wote hukatwa mikia wakingali wachanga. Tangu azaliwe hajapata kukutana na mkia. Hakuwa tasa hata kidogo. Hakufundishwa.

Tereza alikaa akicheka peke yake mpaka kondoo wakageuka kumtazama. Kisha akaacha kucheka, kwa kuwa alielewa ni nani atakayeuinua mkia huo.

Kesho yake asubuhi, umande bado haujakauka, alijifunga kanga mbili kiunoni akaingia. Yule mfarika alikuwa bado yuko tayari. Tereza akamshika shingo kwa mkono mmoja, akanyoosha mwingine auinue mkia. Mkono haukufika. Akaenda nyuma, akauinua mkia kwa mikono yote miwili, jike akasogea mbele. Akamfuata. Jike akasogea tena. Mgeni naye akaona kuna mchezo, akaja mbio, akamgonga bibi paja, na Tereza akaanguka chini ya minyaa, kanga moja huku, nyingine kule.

Ndipo aliposikia mtu anacheka upande wa pili wa uzio. Alikuwa Obedi, amekwenda kutazama mpaka wa shamba lake. Alikuwa amecheka mpaka ameketi chini.

Tereza akainuka, akajipangusa. Hapo angeweza kumfukuza. Aliufikiri mdomo wake mwenyewe wa kanisani, akamfikiri mfarika aliyebakiza siku moja tu ya kumtaka dume, akameza hasira.

"Umeshamaliza kucheka?"

"Bado kidogo, shemeji."

"Malizia, halafu uje ushike kichwa. Mimi nitashika mkia."

Obedi akainuka. Alijua vizuri anachoombwa. Kondoo wakibeba, eka zile hazilimwi. Alisimama pale na jembe begani muda ambao Tereza aliuona mrefu sana, naye hakuongeza neno la kubembeleza. Kisha Obedi akaliegemeza jembe kwenye mnyaa, akapita penye pengo, akamkumbatia jike kichwani, akageuza uso wake upande wa reli kwa heshima.

"Kaka angenicheka huko aliko," akasema, "nikikuacha upigwe pembe."

"Huyu hana pembe. Shika vizuri."

Ikawa hivyo majuma matatu. Kila jike alipofika siku yake, Obedi alitokea, hakuitwa. Siku ya kwanza alisema amekuja kuazima moto. Siku nyingine amekuja kuuliza kama kuku wake amepita huku. Anaamkia, anashika kichwa, anatazama reli. Tereza anainua mkia, anatazama mbinguni. Hawakuzungumza juu ya kazi yenyewe. Walizungumza habari za Bartolomayo, jinsi alivyoogopa kinyonga, mwanaume mzima na mkuki wake, na jinsi alivyokuwa akiimba besi kanisani akikosea kila ubeti kwa ujasiri uleule. Mambo hayo Tereza hakuwa ameyasema kwa mtu miaka mingi. Mara moja treni ya mizigo ilipita, dereva akapiga honi ndefu, na wote wawili wakajifanya hawakuisikia.

Jike wa sita alipofika zamu yake, Tereza alinyoosha mikono ikakuta hakuna kazi. Mgeni alikuwa ameshausukuma mkia mwenyewe, kwa kifua, kama mzawa.

"Amefaulu," akasema Obedi.

"Alikuwa na walimu," akasema Tereza, akamkaribisha chai.

Kiangazi kikaingia na vumbi lake. Matumbo yakaanza kuteremka. Tereza aliwalisha maganda ya migunga aliyokuwa akiyaokota mpaka ng'ambo ya korongo, na mabua ya mtama aliyoyahifadhi juu ya paa. Alihesabu miezi mitano kwa vidole, akarudia, jibu likawa lile lile. Mfarika angezaa mwanzoni mwa Desemba. Mvua huku, ikiwahi sana, huja katikati ya mwezi huo. Akalala usingizi.

Mwaka huo mvua iliwahi. Novemba haijaisha, mchana, saa nane, upepo ukageuka, wingu likatoka upande wa Kibakwe jeusi kama sufuria, na ikanyesha. Ilinyesha kweli, hata korongo likateremsha maji. Watoto wa kijiji walikimbia uchi. Tereza alisimama mlangoni. Kiwele cha mfarika kilikuwa kimejaa, kinang'aa. Bado siku chache tu. Lakini hakusema siku chache alipokuwa kanisani. Alisema mvua ya kwanza.

Ilipokatika, akavaa viatu vyake vya mpira, akaenda kwa Obedi. Akamkuta anafunga kamba za nira. Akamwambia njoo kesho ulime. Obedi akasema kwani kuna haraka gani, ardhi haikimbii. Tereza akamwambia yeye si mtoto wa kubembelezewa neno lake mwenyewe, na kama hatakuja atalima yeye kwa jembe la mkono. Akarudi nyumbani. Wale kondoo akawatoa shambani akawafunga uani, na usiku huo hakula.

Asubuhi Obedi akaja na ng'ombe wake wanne. Tereza mwenyewe ndiye aliyeondoa miiba penye pengo ili wapite. Obedi akaanzia chini kabisa, kule kwenye korongo, kona ya mbali. Alipiga mstari mmoja, akafika mwisho, akasimamisha ng'ombe. Akaangalia kwato zao, mmoja mmoja. Akapiga wa pili. Akafungua nira akaifunga upya. Wa tatu, akaenda kunywa maji. Saa sita mchana akasema ng'ombe wamechoka, akaondoka nao.

Kila mtu Gulwe anajua kwamba Obedi eka mbili anazimaliza siku moja na nusu.

Siku ya pili plau lilikuwa na kasoro. Alikaa chini nusu ya asubuhi akiligonga kwa jiwe. Tereza alimtazama kutoka uani, mkono mmoja juu ya mgongo wa mfarika. Akaona yote. Akamwita kwa sauti, akamwambia kama amezeeka aseme, waitwe vijana. Obedi akajibu kwamba udongo ni mgumu. Udongo ulikuwa laini kama ugali, umenyeshewa juzi. Tereza akaingia ndani, akasimama nyuma ya mlango, akajifuta macho kwa kanga, akatoka tena na uso wake wa kila siku.

Siku ya tatu, mistari ilikuwa haijafika hata robo ya shamba. Mfarika alianza kukwangua ardhi kwa mguu. Akalala, akainuka, akazunguka, akalala. Tereza akapiga magoti. Hakumwita mtu. Kwanza zikatoka kwato mbili ndogo, laini kama sabuni, na pua juu yake, kisha jike akajikaza na mtoto mzima akateleza chini akiwa na kamasi na mvuke. Mwili mweupe, kichwa chekundu. Mfarika akageuka. Akasita kidogo, kwa vile hajawahi. Halafu akainama, akaanza kulamba, na ule mngurumo ukatoka tumboni mwake.

Tereza alipoinua kichwa alimwona Obedi amesimama penye lango la ua, kofia mkononi. Ng'ombe aliwaacha kwenye mstari wakiwa na nira. Wote wawili wakamtazama mwanakondoo akijaribu kusimama. Akaanguka mbele. Akaanguka nyuma. Mara ya nne akasimama miguu yote ikitetemeka, akatafuta chuchu kwenye goti la mama yake, akatafuta kwenye ubavu, akaipata.

"Ng'ombe wako wanakusubiri," akasema Tereza.

"Wananisubiri nini? Amezaliwa."

"Mvua ilinyesha siku tatu zilizopita."

"Kwani tulisema mvua?" Obedi akakuna kichwa. "Mimi nakumbuka ulisema plau. Kwamba asipozaliwa kabla plau halijamaliza."

Tereza akamtazama. Neno lile lilikuwa lake. Lilikuwa bado liko wazi kichwani kama lilivyotoka, na Cecilia ameshika ukuta. Katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumsahihisha juu ya kitu alichokisema, si Bartolomayo, si mchungaji, si watoto wake waliosoma. Aliuweka mkono wake juu ya mgongo wenye unyevu wa yule mdogo aliyekuwa akinyonya, akahisi moyo wake mdogo unavyokwenda mbio.

"Basi," akasema, "utakuwa wewe ndiye unayekumbuka vizuri."

Obedi akavaa kofia yake. Akasema ile kona ya chini, kwa kuwa imekwisha kupigwa, ni hasara kuiacha bila mbegu. Tereza akasema apande, ila mashudu yatakayobaki alizeti hiyo ikishakamuliwa mafuta ni ya kondoo. Obedi akakubali, akaenda kufungua nira.